Maji Yanayong'aa Yanaweza Kuua: Majibu kwa Wafugaji wa Samaki wa Dhahabu

Tangu sikukuu zipite, barua nyingi zinazonifikia zina kilio kimoja: samaki wa dhahabu walionunuliwa kwa ajili ya watoto wanakufa kabla hawajazoeleka. Nimechagua chache, zote kutoka hapa kwetu Mwanza. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, maana nusu ya matatizo yanayoletwa kwangu yanaanzia hapo.

Shikamoo mama. Nina akwariamu ya lita 40 sebuleni, ina samaki watatu. Kila Jumamosi nawahamishia kwenye beseni, namwaga maji yote, nasugua vioo, changarawe na sponji ya filta kwa sabuni ya unga, nasuuza mpaka povu liishe, ndipo najaza maji ya bomba. Maji yanang'aa kiasi kwamba unaweza kuyanywa. Lakini samaki hawamalizi mwezi. Wanaanza kukaa chini wamebana mapezi, kisha wanakuja juu kuhema, mwisho nawakuta wanaelea. Nimenunua wengine, mambo ni yaleyale. Watoto wanalia. – Mama wa watatu, Nyegezi

Marahaba mwanangu. Pole sana, na watoto nao wape pole yangu. Bidii unayo, tena kubwa, na samaki wako wanakufa kwa sababu ya bidii hiyohiyo.

Samaki anahema, anakula na anajisaidia katika maji yaleyale. Uchafu wake ulio mbaya kuliko wote hauonekani kwa macho. Unaitwa amonia, na sehemu kubwa hutokea kwenye matamvua anapohema. Haina rangi, na kwa kiwango kinachotosha kuunguza matamvua ya samaki, pua yako haitanusa kitu. Kwa hiyo usiyapime maji kwa kung'aa. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vitotoleo vya vifaranga wa sato na kambale, na nimeona maji ya rangi ya chai yenye samaki wazima, na maji meupe kabisa yenye samaki waliolala ubavu.

Amonia huondolewa na bakteria wanaojiotea wenyewe ndani ya tangi, wengi wao kwenye sponji ya filta, wengine kwenye changarawe na kwenye vioo. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti. Hiyo nayo ni sumu: inaingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, ndiyo maana samaki wako wanakuja juu kuhema hata pampu ikiwa inatoa mapovu vizuri. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia mpaka iwe nyingi, na unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Katika tangi jipya bakteria hawa huchukua wiki nne hadi sita kufikia idadi ya kutosha. Sasa hesabu mwenyewe: kila Jumamosi unawaua kwa sabuni na klorini, na jioni yake samaki watatu wanarudishwa kwenye tangi lisilo na bakteria hata kidogo. Ni sawa na mtaa unaowafukuza wazoa taka wake kila wiki.

Fanya hivi. Sabuni isiguse tena akwariamu, wala filta, wala ndoo unayochotea. Tenga ndoo mbili za lita 20 ziwe za samaki tu, uziandike kwa kalamu nzito ili dada wa nyumbani asizichukue kufulia. Mara moja kwa wiki toa robo ya maji, usizidishe theluthi, ukiyanyonya kwa mpira kutoka chini kabisa palipotuama kinyesi na mabaki ya chakula. Samaki wasihamishwe, watulie humohumo. Sponji ikiziba, ikamue mara mbili tatu ndani ya maji uliyoyatoa kwenye tangi, kisha irudishe. Itabaki na rangi ya kahawia. Iache hivyo, hao ndio bakteria wako.

Maji ya kuongeza yateke kutoka bombani siku moja kabla, uyaache kwenye ndoo au beseni la mdomo mpana bila kufunika. Maji ya bomba hapa Mwanza yanatoka ziwani, yanasafishwa Capri Point na sasa pia Butimba, na hutiwa klorini ili sisi binadamu tusiugue. Klorini hiyo inaua bakteria wa tangi na kuunguza matamvua. Maji yakikaa wazi kwa saa 24 sehemu kubwa huwa imepaa, na ukiweka kijiwe cha pampu ya hewa humo inapaa haraka zaidi. Maji ya simtanki usiyaamini kwa sababu tu yamelala. Chini ya mfuniko dawa haipai upesi. Maduka ya samaki wa mapambo huuza pia matone ya kuondoa klorini, na ukiyapata fuata kipimo cha kwenye chupa.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana chokaa kidogo. Mwenyewe unaona sabuni inavyotoa povu haraka. Bakteria wanaposafisha amonia hutumia ule uwezo wa maji kuzuia uchachu, na katika maji laini uwezo huo huisha mapema. Uchachu ukipanda ghafla, bakteria husinzia na samaki hudhoofika. Dawa yake ni rahisi. Nenda duka la vyakula vya kuku, nunua magamba ya konokono wanayolishwa kuku wa mayai, chagua yasiyosagwa kuwa unga, yaoshe kwa maji matupu, yachemshe, kisha tia konzi moja kwenye kifuko cha wavu karibu na filta. Yanayeyuka kidogokidogo kadiri maji yanavyohitaji.

Kuhusu ukubwa sitakuficha: lita 40 ni kidogo kwa samaki watatu. Samaki wa dhahabu ni ndugu wa samaki aitwaye kapu (carp), wala hakuumbwa kuwa mdogo. Wale wa mwili wa duara wenye mkia mpana hufika sentimita 15 hadi 20, wale wembamba hata 30. Mmoja apewe angalau lita 75, na kila anayeongezeka umpe 40 nyingine. Kwa sasa usinunue mwingine. Wale ulio nao walishe kidogo sana mara moja kwa siku, na kwa wiki nne za kwanza badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Wakianza kuhema juu, tia chumvi ya kawaida, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita tano, uiyeyushe kwanza pembeni. Huzuia naitraiti isiingie kwenye damu. Usiirudie kila siku. Rudishia tu kile kilichotoka na maji uliyobadilisha.

Tangi likishatulia, watoto wako wanaweza kumaliza shule samaki wakiwa hai. Miaka 10 hadi 15 ni umri wa kawaida kwao. Kuna mmoja kule Uingereza, aitwaye Tish, aliyepatikana kwenye gulio mwaka 1956 na kufa mwaka 1999.

Mama, maji ya tangi langu yamekuwa ya kijani kama mchuzi wa mlenda. Nimebadilisha yote, baada ya siku nne yamerudi vilevile. Tangi liko dirishani, samaki wanaonekana wazima. – Fundi simu, Igoma

Dirisha ndilo tatizo. Kijani hicho ni mwani, unakula mwanga na naitreti, na jua letu la asubuhi linautosha kabisa. Samaki hawadhuriki nao mchana, ila usiku mwani nao unavuta oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe. Hamishia tangi ukuta usiopigwa na jua, taa iwake saa sita hadi nane kwa siku, punguza chakula, badilisha robo ya maji kwa wiki. Baada ya muda utaona yanaanza kuwa meupe. Mwani ulioganda kwenye vioo vya nyuma uache, samaki wa dhahabu huudonoa.

Shikamoo mama. Mimi nafanya kazi Mwaloni. Ziwa liko hatua chache tu na maji yake ni ya asili, hayana dawa. Kwa nini nihangaike na ndoo za bomba? Nataka pia nichukue mchanga, mawe na gugumaji ili samaki wajisikie kwao. – Kijana wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Nakuelewa, na hoja yako ya klorini ni ya kweli. Lakini tafadhali usiteke maji ziwani kwa ajili ya samaki hawa.

La kwanza ni wewe mwenyewe. Ukiingia mpaka magotini kuchota, kichocho kinakusubiri. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi. Ukibeba gugumaji, unabeba na konokono wamejishika kwenye mizizi, na konokono mwenye maambukizi ataendelea kutoa vijidudu hivyo ndani ya tangi ambamo watoto wanatumbukiza mikono. La pili ni samaki. Ziwa lina chawa wa samaki na minyoo ya aina mbalimbali. Sato aliyekulia humo amezoeana nao kiasi, samaki wako wa dukani hajawahi kukutana nao. La tatu ni ile rangi ya kijani inayotanda ufukweni wakati wa joto na utulivu. Baadhi yake ni bakteria wa kijani wanaotoa sumu, na kulala kwenye ndoo hakuiondoi.

Samaki wa dhahabu, wala kwao si ziwani hapa. Wachina ndio waliomfuga na kumchagulia rangi, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwake ni maji safi yaliyotulia na yasiyo na joto kali.

Mawe chukua, ila yatoe kilimani. Sisi wa Mwanza tumebarikiwa: haya majabali yetu ni matale, hayayeyuki na hayabadilishi maji. Chagua yasiyo na ncha kali, yasugue kwa brashi na maji ya moto. Ukiokota jiwe usilolijua, lidondoshee siki. Likitoa mapovu lina chokaa. Mchanga nunua wa ujenzi ulio na punje nene, uoshe mpaka maji yatoke meupe. Kuwa na subira nao, utaosha mara nyingi.

Samaki wangu mnene, mwenye mkia wa shela, ameanza kuelea kichwa chini mkia juu. Akijitahidi kushuka anarudi juu. Namlisha mkate na wakati mwingine ugali kidogo, asubuhi, mchana na jioni. – Mwalimu, Buzuruga

Mwalimu, acha mkate leo hiihii, na ugali pia. Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu. Kinachomezwa kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Mkate hufura humo. Hawa wa mwili mfupi wa duara, ambao wafugaji waliwachagua kwa umbo, viungo vyao vya ndani vimebanana, na utumbo ukijaa unakisukuma kile kibofu cha hewa kinachowasaidia kuelea sawasawa.

Usimpe kitu kwa siku mbili. Siku ya tatu chukua njegere, ichemshe mpaka ilainike, imenye ganda, iponde, umpe kiasi cha nusu ya punje. Rudia siku moja au mbili. Wengi hunyooka. Baadaye chakula chake kiwe vidonge vya samaki wa dhahabu vilivyolowekwa dakika chache ili vizame, maana anapokula juu humeza hewa. Ongezea mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto. Kiasi ni kile anachokimaliza kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Atakufuata kwenye kioo akiomba zaidi, ndivyo walivyo. Dagaa wetu ni chakula kizuri lakini wana protini nyingi na huchafua maji. Saga mmoja mkavu asiye na chumvi wala mchanga, umpe kidogo mara moja kwa wiki, wala usimpe wa kukaanga.

Asiponyooka baada ya wiki, chunguza maji kabla ya kununua dawa yoyote.

Umeme ulikatika usiku, asubuhi samaki wote wako juu wanapiga midomo. Tangi la lita 100, samaki wanne. Nifanye nini siku nyingine? – Baba wa mapacha, Ilemela

Chota maji kwa jagi uyamwage tena kutoka juu, kimo cha mkono, dakika kumi kila baada ya saa moja. Hiyo inaingiza oksijeni kuliko unavyofikiri. Usilishe mpaka umeme urudi. Samaki wanne kwa lita 100 wamebanana, ndiyo maana hawakuvumilia usiku mmoja. Pampu ndogo za kuchaji zipo. Kwa tangi kama lako ni kitu cha kwanza kununua.

Joto linazidisha shida. Maji ya nyuzi 20 hubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu, na hizo ni hesabu za usawa wa bahari. Sisi hapa tuko juu zaidi ya mita 1,100, kwa hiyo ondoa tena zaidi ya sehemu moja ya kumi. Tangi likae chumba chenye upepo, mbali na jiko na paa la bati lisilo na dari. Kama filta yako ni ya boksi lililofungwa na umeme umekosekana kutwa nzima, mwaga maji yaliyolala ndani yake kabla ya kuiwasha. Yameoza, na yakirudi kwenye tangi yataleta balaa la pili.

Samaki wangu ana vidoti vyeupe kwenye mashavu tu na kwenye mapezi ya kifuani. Anakula vizuri na anamkimbiza mwenzake. Nimeambiwa ni ugonjwa wa madoa meupe. – Msomaji, Isamilo

Hongera, una dume aliyekomaa. Vidoti vilivyopangana kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mwiba wa mbele wa mapezi ya kifuani ni alama ya msimu wa kuzaa. Usimtie dawa. Ugonjwa wenyewe hutapakaa mwili mzima na mkiani mfano wa punje za chumvi, na samaki hujisugua kwenye mawe. Ukiona hivyo, ongeza chumvi taratibu kwa siku mbili mpaka gramu 3 kwa lita, uiache wiki mbili.

Mama, nimehamishiwa Dodoma na siwezi kubeba akwariamu. Samaki wangu watano wamekua, nawapenda, siwezi kuwaua. Nimeamua kuwaachia huru ziwani pale ufukweni. Kuna wakati mzuri wa siku wa kufanya hivyo? – Mtumishi, Pasiansi

Hakuna. Nakuomba, nakuomba kwa moyo wote, usifanye hivyo.

Ziwa hili limeumizwa vya kutosha na viumbe walioletwa kwa nia njema. Sangara aliingizwa miaka ya 1950 na 1960. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakichunguza furu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, katika Ghuba hii ya Mwanza tangu miaka ya 1970, na katika miaka ya 1980 walishuhudia aina moja baada ya nyingine zikitoweka kwenye nyavu zao. Sangara amelisha na kusomesha familia nyingi, nami sikatai. Lakini furu wa aina nyingi waliokuwa hapa tu, na si mahali pengine popote duniani, hatutawaona tena. Sato naye ni mgeni, aliletwa miaka ileile, na wazee wa Ukerewe watakueleza jinsi ngege, mwenyeji, alivyokuwa akijaza mitumbwi yao. Gugumaji, asili yake Amerika Kusini, tulianza kuliona ziwani karibu na mwaka 1990, na mpaka leo linafunga mialo.

Samaki wa dhahabu anastahimili mengi. Anafukua matope akitafuta chakula, anang'oa majani, anachafua maji, anakula mayai ya samaki wengine. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, jimbo la Minnesota, Marekani, uliwaomba wakazi wake waache kuwamwaga ziwani, baada ya kuwavua wakiwa wakubwa kupita kiasi. Na hata kama wako hawatazaliana, vimelea waliobeba wanaweza kubaki. Huruma uliyo nayo kwa hawa watano naomba uwape na hao walio ziwani.

Waulize kwanza waliokuuzia, wengine huwapokea samaki wakubwa. Uliza hoteli au shule yenye bwawa la saruji lisilo na mfereji unaoelekea ziwani. Ukikosa kote, niandikie kupitia mhariri kabla hujaondoka, tutawatafutia mtu miongoni mwa wasomaji wa safu hii. Siku moja kabla ya safari usiwalishe. Kila mmoja awe na mfuko wake wa nailoni mzito, maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, ufungwe kwa raba na uwekwe ndani ya boksi lenye giza. Wakifika, mfuko uelee kwenye maji mapya dakika 20 ukiwa umefungwa, kisha ufunguliwe na kutiwa kikombe cha maji hayo kila baada ya dakika tano, mara nne. Baada ya hapo watolewe kwa mkono au kikapu cha wavu, na maji ya mfukoni yamwagwe bustanini.